Benki za London hazimwogopi mgeni, zinamwogopa mlalahoi!

VIJANA wa vijiweni wanaijua bei ya tiketi ya ndege kuliko wanavyoijua bei ya unga. Wanajua ubalozi upi una maswali mengi na upi una foleni ndefu. Lakini muulize kijana anayejiandaa kwenda majuu mshahara wake wa kwanza utaingia wapi, atakucheka. Eti hilo ni suala dogo, benki si ziko kila kona? Ndugu yangu, viza ni mlango wa kwanza tu. Mlango wa pili uko benki, na ofisa uhamiaji wa huko havai sare. Anavaa tai na anatabasamu.

Hebu tumchukue kijana wa Temeke aliyeingia Uingereza kihalali, viza safi, kazi kaipata. Mwajiri anamwambia hapa hatulipi mkononi, lete namba ya akaunti. Anakwenda benki. Anaambiwa lete pasipoti, sawa, anayo. Sasa lete uthibitisho wa unapoishi: bili ya umeme, bili ya gesi au mkataba wa nyumba, na vyote viwe na jina lako. Kijana amepanga chumba kwa mtu aliyepanga kwa mtu. Bili zina jina la mwenye nyumba. Anakwenda kutafuta chumba chenye mkataba. Wakala wa nyumba anamtazama juu mpaka chini, kisha anamwambia nionyeshe taarifa za benki za miezi mitatu. Benki inataka nyumba, nyumba inataka benki, mwajiri anataka vyote viwili, na tarehe ya mshahara haimsubiri mtu.

Hapa kwetu tulizoea kumlaani balozi wa nyumba kumi kwa barua yake ya utambulisho, maana wengine hawakuiandika mpaka waone soda. Basi huko hakuna hata huyo balozi. Uingereza ni nchi isiyo na kitambulisho cha taifa. Walitunga sheria ya vitambulisho mwaka 2006, serikali iliyofuata ikaifuta mwaka 2010. Ndiyo maana bili ya gesi imegeuka kitambulisho. Tena mgeni naye amenyang'anywa kadi aliyokuwa akiionyesha, kwani kadi za ukaazi zilifikia kikomo mwishoni mwa 2024, na sasa hadhi yako iko kwenye kompyuta ya serikali. Unaingia benki na namba ya siri kwenye simu. Ukimkuta karani ambaye hajaizoea, mnaanza moja.

Utaambiwa, hizo ni taratibu tu, mbona unalalamika? Hapana jamani. Taratibu hizi zina wenyewe, na wenyewe wana majina.

Mwaka 2012, Theresa May, wakati huo akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, alitangaza kwamba anataka kuweka mazingira ya uhasama kwa wahamiaji wasio na vibali. Mwaka 2014 Bunge lao likapitisha Sheria ya Uhamiaji, na Desemba mwaka huohuo benki zikapigwa marufuku kumfungulia akaunti ya kawaida mtu aliyemo nchini bila ruhusa. Kabla ya kukufungulia, benki inapitisha jina lako kwenye orodha iliyotoka serikalini. Jina likiwamo, kwaheri. Karani hana ubavu wa kukusikiliza, wala benki haina mamlaka ya kuirekebisha orodha. Unaambiwa nenda kamalizane na Wizara ya Mambo ya Ndani, yaani waliokuandika ndio ukawaombe wakufute.

Na orodha yenyewe ilikuwaje? Mkaguzi Mkuu wa Mipaka na Uhamiaji wa hukohuko Uingereza aliichunguza mwaka 2016. Katika sampuli ya watu waliokataliwa akaunti, alikuta kwamba takriban mmoja kati ya kila kumi hakupaswa kuwamo kwenye orodha. Mmoja kati ya kumi! Hayo si maneno ya wapinzani wala ya wahamiaji wenye uchungu, ni ya mkaguzi wao wenyewe. Badala ya kuona haya, serikali ikaongeza kasi. Sheria nyingine ya 2016 ikazitaka benki zikague hata akaunti zilizokwisha kufunguliwa, akaunti milioni 70 hivi, kila baada ya miezi mitatu, kuanzia Januari 2018.

Kilichowasimamisha ni aibu. Mwaka 2018 ulilipuka mkasa wa Windrush, wa watu wa visiwa vya Karibiani walioingia Uingereza kihalali tangu 1948, wakajenga nchi ile, wakazeekea pale, halafu wakaanza kufukuzwa kazini na kunyimwa huduma kwa kukosa karatasi ambazo hawakupewa tangu mwanzo. Mei 2018 ukaguzi wa akaunti ukasitishwa. Wengi wetu tulidhani yamekwisha. Wapi! Mwaka 2023 serikali ikatangaza kurudisha utaratibu wa kuzipelekea benki majina.

Sasa tuje kwenye kisingizio kikubwa. Ukiuliza kwa nini kijana wa Temeke anazungushwa hata kama jina lake halimo kwenye orodha, jibu ni moja: tunapambana na fedha chafu. Maneno matamu hayo. Nani anapenda fedha chafu?

Basi tuitazame HSBC, mojawapo ya benki kubwa za Uingereza. Desemba 2012 ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 kwa serikali ya Marekani, kwa sababu fedha za magenge ya dawa za kulevya ya Mexico zilipita ndani yake bila kizuizi. Waendesha mashtaka walieleza kwamba wahuni wale walitengeneza masanduku ya fedha yenye vipimo vya dirisha la keshia, ili yapite bila kukwaruza. Soma tena hapo, msomaji. Vipimo vya dirisha la keshia! Hao hawakuulizwa bili ya gesi. Na hakuna mkubwa hata mmoja wa benki hiyo aliyefungwa kwa mambo hayo. Walilipa, wakajifuta vumbi, biashara ikaendelea.

Au tuje kwetu. Aprili 2008 Watanzania walipata habari kwamba Andrew Chenge, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na wakati huo Waziri wa Miundombinu, alikuwa na zaidi ya dola milioni moja katika akaunti kisiwani Jersey, kile kisiwa kilicho chini ya Malkia wa wakati ule ambako matajiri huficha vyao. Zilifichuliwa katika uchunguzi wa ununuzi wa rada kutoka kampuni ya BAE. Yeye akaziita vijisenti, akajiuzulu uwaziri. Alikana kwamba zilihusiana na rada, na kwa hilo hakuna mahakama iliyomtia hatiani, kwa hiyo tusimsingizie. Swali langu ni dogo mno. Mtu asiyeishi Jersey alifunguliwaje akaunti Jersey, wakati anayeishi London, anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kuosha wazee wao na kufagia ofisi zao, anaambiwa hana uthibitisho wa makazi? Mgeni yupi hapo ni mgeni zaidi?

Wenyewe wanajua kwamba kunyimwa akaunti ni kunyimwa maisha. Walipiga kelele lilipomgusa wao. Mwaka 2023 mwanasiasa Nigel Farage, ambaye jina lake lote amelijenga kwa kuwapigia kelele wahamiaji, alilalamika kwamba benki ya Coutts imemfungia akaunti. Coutts si benki ya mchezo. Wakati huo ilikuwa ya watu waliotakiwa kuwa na uwekezaji au mkopo wa paundi milioni moja, au akiba ya paundi milioni tatu. Mawaziri wakaja juu, magazeti yakawaka, na kabla Julai haijaisha Alison Rose, mkuu wa NatWest inayoimiliki Coutts, akawa ameachia ngazi. Serikali ikaahidi kwamba benki zitalazimika kutoa notisi ya siku 90 na kueleza sababu kabla ya kumfungia mtu. Vizuri sana. Kwa tajiri mmoja ilichukua wiki chache tu. Kwa wale waliowekwa kwenye orodha kimakosa, nani aliachia ngazi?

Wakati wakubwa wanavutana, mlalahoi asiye na akaunti hana budi kuishi. Hapo ndipo fisi wanapokuja. Yupo mwajiri anayesema nitakulipa mkononi, lakini pungufu kidogo, maana nakusaidia. Ukidai, anakuuliza utanishitaki wapi? Yupo mshikaji wa nyumbani, mmetoka mtaa mmoja, anakwambia mshahara wako pitishia kwangu. Mwezi wa kwanza anakupa wote. Mwezi wa pili anakata ya usumbufu. Mwezi wa tatu simu haipokelewi, na wewe huna pa kwenda kwa sababu kwenye karatasi fedha zile ni zake.

Lakini fisi mbaya kuliko wote ni yule anayekuja baada ya wewe kuipata akaunti. Vijana naomba hili mlisikie vizuri. Atakuja mtu kavaa vizuri, ana gari, anajua Kiswahili au anajua Kiingereza cha Lagos, anakwambia nazungushwa na benki kama ulivyozungushwa wewe, niazime akaunti yako siku mbili, zitaingia paundi elfu tano, wewe chukua mia tatu. Kwa sababu na wewe ulionja adha hiyo, unamwonea huruma. Zile ni fedha za wizi. Benki ikigundua, akaunti inafungwa siku hiyohiyo na jina lako linaweza kuwekwa alama kwenye daftari la CIFAS, ambalo benki nyingi za nchi ile hulisoma. Alama hiyo inaweza kukaa miaka sita. Kwa miaka hiyo, akaunti utaisikia kwenye bomba. Na polisi wakija, wanamkuta mwenye akaunti. Mwenye gari hawamkuti.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haki ipo, ila inafichwa kabatini. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kila anayeishi kihalali ndani ya Umoja huo, hata asiye na anuani ya kudumu, hata anayeomba hifadhi, ana haki ya akaunti ya msingi, na benki imjibu ndani ya siku kumi za kazi. Ujerumani imeiweka katika sheria yake tangu Juni 2016. Wafaransa walikuwa na haki ya akaunti tangu 1984, na hata leo ukikataliwa unakwenda kwa Benki Kuu yao nayo inaiteua benki ya kukupokea, itake isitake. Uingereza nayo iliandika kanuni zake mwaka 2015, ikiwa bado ndani ya Umoja, na haikuzifuta ilipojitoa. Benki kubwa tisa zikatajwa kuwa lazima zitoe akaunti ya msingi. Haina mkopo, lakini inapokea mshahara na ina kadi. Inatosha.

Kwa hiyo ukifika dirishani usiombe akaunti tu kama anayeomba msaada. Taja jina lake: nataka akaunti ya msingi. Huna bili, uliza kama wanapokea barua ya chuo au ya mwajiri, kwa kuwa miongozo ya mabenki yenyewe inaruhusu nyaraka mbadala kwa watu wa namna yako. Wakikukataa, dai sababu kwa maandishi. Lalamika kwao kwanza, na zikipita wiki nane bila jibu la maana, peleka shauri kwa msuluhishi wa migogoro ya fedha anayeitwa Financial Ombudsman, hatozi hata senti. Zipo pia benki za kwenye simu, na baadhi yake hazikusumbui na bili. Ni nafuu, sikatai, ingawa orodha ya serikali nazo zinaisoma.

Wapo watakaosema Waingereza wana haki ya kulinda nchi yao. Wana haki. Lakini sheria inayokosea kwa mmoja katika kumi inalinda nini? Asiye na kibali haondoki kwa kukosa akaunti. Anakwenda kwa yule mwajiri wa mkononi, na serikali inakosa hata kodi yake.

Na kabla watawala wetu hawajapata mahali pa kupigia makofi, niwaulize na wao. Nyarugusu, kule Kasulu, ni kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ndugu zetu waliokimbia vita Kongo. Wapo waliozaliwa humo na sasa ni watu wazima. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inawafungia kambini, kutoka ni kwa kibali, na benki iko mjini. Shirika la Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi yao fedha taslimu badala ya mahindi, ili mtu anunue anachokihitaji sokoni. Mwaka 2017 serikali yetu ikaamuru mpango huo ukome. Jirani zetu Waganda, kwa sheria yao ya 2006, wanamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Sisi tunaolia London tumenyimwa dirisha, tumemnyima Mkongo hata noti mkononi. Wabunge wanaopanda ndege kwenda kuonana na Watanzania wa majuu, wakirudi wapande basi la Kasulu, kisha wasimame bungeni wamuulize Waziri wa Mambo ya Ndani amri ile ya 2017 aliyeitoa alimlinda nani.