Tikitimaji si Tusi kwa Mkamba

Kampeni zikikaribia, kauli moja huzunguka Ukambani, kutoka Mwingi hadi Wote: anayemkejeli kiongozi wetu ametutukana sote. Ushahidi unaoletwa mara nyingi ni neno moja, tikitimaji. Lilimganda Kalonzo Musyoka kwenye kura ya maoni ya katiba ya Agosti 4, 2010, wakati kijani ilikuwa rangi ya Ndiyo na nyekundu rangi ya La. Kalonzo, Makamu wa Rais wakati huo, alitangaza yuko na Ndiyo. Wenzake wa Ndiyo wakashuku kwamba moyo uko kwa La. Kijani nje, nyekundu ndani. Hadi leo wapo wanaolihesabu jina hilo kuwa shambulio dhidi ya Ukambani kote. Wamekosea, na kosa lao linawafaa wanasiasa kuliko wapiga kura.

Mtazame mchuuzi wa matikiti pale Emali au Kibwezi. Mnunuzi akitia shaka, mchuuzi huchukua kisu, hukata pembetatu ndogo kwenye ganda, huichomoa na kumwonyesha wekundu. Kejeli ya haki hufanya kazi hiyo: hukata mahali pamoja, mnunuzi akaamua mwenyewe. Msimamo juu ya katiba ulikuwa jambo la hadharani, hotuba zilisikika, na kila aliyetaka aliweza kuzipima. Kupakana tope ni kazi nyingine kabisa. Mwaka 2017 kampuni ya Harris Media ya Texas ilitengeneza video ya “The Real Raila”, ikichora Kenya ya 2020 iliyosambaratika chini ya Raila Odinga, ambaye mgombea mwenza wake alikuwa Kalonzo huyohuyo. Utapima nini hapo, na mwaka wenyewe haujafika? Kisha kuna mzaha wa kamuti, ule uchawi tunaosingiziwa kila Mkamba anapofanikiwa. Huo ndio tusi la jamii hasa, maana haumhukumu mtu kwa alilotenda bali kwa alikozaliwa. Ajabu, huo tunaucheka pamoja na wanaotusema, halafu tunakasirikia tunda.

Utasema jina limeishi kuliko sababu yake. Kweli, na hoja hiyo ina uzito: mtu aliyesimama na Raila 2013, akasimama naye tena 2017, ana haki ya kuuliza uwili wake uko wapi. Kejeli iliyopoteza tukio lake huoza ikawa tope. Lakini Mei 2022 alitangaza atawania urais mwenyewe, na kabla ya wiki tatu kwisha akarudi kwenye muungano wa Azimio wa Raila. Watani wakapata mahali papya pa kukata. Kama siku hizo zina maelezo, na huenda yapo mazuri, jukwaani ndipo pa kuyatoa. Kukimbilia sheria hakufai. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza chuki za kikabila. Haikutungwa kulinda fahari ya mwanasiasa.

Tena ngao hiyo ya heshima ya kabila haibaki kwa mkubwa mmoja. Gavana naye ataidai, na diwani baada yake. Mkazi wa Mutomo aliyeswaga punda tangu alfajiri akitafuta maji atatania kuhusu bwawa lisilo na tone, na wa kwanza kumnyamazisha, kwa jina la heshima ya Wakamba, atakuwa jirani yake, mwenye punda na mitungi mitupu vilevile.