Maji ya Khayega Hayachemki kwa Nyuzi 100

Wanafunzi wengi wa sekondari, na walimu si haba, wanaamini kwamba ripoti nzuri ya maabara ni ile ambayo jibu lake linalingana na la kitabu. Mwanafunzi hufika mezani akilijua tayari jibu analotakiwa kulipata, hupima mara mbili tatu, kisha hurudi kwenye jedwali na kupanga tarakimu hadi zikubaliane nalo. Wenyewe husema wanapika matokeo, na hawaoni haya kulisema. Imani hii inalibomoa somo la sayansi kutoka msingini, na ushahidi uko hapa hapa Khayega, magharibi mwa Kenya.

Tuchukue jaribio jepesi kuliko yote, la kupima kiwango cha kuchemka cha maji. Khayega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua, na maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Nyuzi 100 za kitabu ni za Mombasa na Lamu; huku kwetu maji safi huchemka karibu na nyuzi 95. Mwanafunzi akitumbukiza kipimajoto kwenye bika na kungoja hadi mapovu yatibuke, ataona kimesimama karibu na hapo na hakisogei hata akiuzidisha moto. Akiandika 100, amelifuta jambo la pekee ambalo jaribio lilitaka kumwonyesha. Lakini akiandika kwamba kipimajoto kilisimama kwenye nyuzi 95 kwa dakika tatu, kwamba kitabu kinataja 100 kwa usawa wa bahari, na kwamba shule yake iko nyanda za juu, hiyo ni ripoti ambayo hata mwanafizikia angeisoma kwa heshima. Na kama kilisimama kwenye 91, aandike 91, kisha aeleze alivyokikagua kipimajoto chenyewe. Pendulamu nayo inasimulia hayo hayo. Kani ya mvutano karibu na ikweta huongeza kasi kwa mita 9.78 hivi kwa sekunde mraba, 9.81 ni ya London. Kwa uzi wa mita moja, tofauti ya thamani hizo mbili katika mizunguko 20 haifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hakuna kidole kinachoweza kubonyeza saa kwa usahihi huo. Darasa zima likileta 9.81, mwalimu ajue kwamba hakuna aliyepima.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo ya shule. Lakini mwaka 2023 ugonjwa ulizuka katika shule ya wasichana ya Mukumu, jirani zetu, na wanafunzi wakapoteza maisha. Uvumi ulisambaa: chakula, maji, sumu. Wazazi walichohitaji kilikuwa majibu ya sampuli, na Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba bakteria wa E. coli na salmonela walipatikana, tangazo hilo lilisimama juu ya kazi ya watu wa maabara waliosoma vipimo na kuandika walichokiona. Mtaalamu wa namna hiyo hujifunza kazi yake ya kwanza kwenye meza ya maabara ya shule. Akizoezwa pale kuandika kinachotarajiwa, sijui ni lini atazoezwa vingine.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la alama: mtihani wa kitaifa unalipa jibu sahihi, basi mtoto afanyeje? Wanaosema hivyo hawajautazama vizuri mwongozo wa kusahihisha. Katika karatasi ya tatu ya kemia ya KCSE, jedwali la titresheni kwa kawaida hubeba alama tano: moja ya jedwali lililokamilika, moja ya desimali zinazolingana, moja ya usahihi, moja ya kanuni za kutafuta wastani na moja ya jibu la mwisho. Alama tatu kati ya hizo zinamtaka mtu aandike na kukokotoa kwa utaratibu. Ile ya usahihi yenyewe haipimwi kwa kitabu. Inapimwa kwa thamani ya shule, yaani matokeo aliyoyapata mwalimu kwa kemikali zile zile, katika maabara ile ile. Baraza la Mitihani linakubali kwamba myeyusho wa Khayega unaweza kutofautiana na wa Nairobi. Anayepika matokeo kufuata hesabu za kitabu anaweza kuikosa hata hiyo alama anayoikimbilia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami nalichukua kwa uzito wake. Shule nyingi hazina vifaa. Bureti moja hushikwa na wanafunzi kumi, na mara nyingine mwalimu hufanya jaribio peke yake mbele ya darasa. Hilo ni dhuluma kwa watoto na serikali inapaswa kuliondoa. Hata hivyo uhaba wa vifaa hauzuii ripoti kusema ukweli: "Jaribio lilifanywa na mwalimu, mimi nilisoma bureti mara moja." Sentensi hiyo inamweleza msomaji aziamini tarakimu kwa kiasi gani. Ile sentensi iliyozoeleka, kwamba tofauti imetokana na makosa ya kibinadamu, haimwelezi lolote. Kosa gani? Jicho lilikuwa juu ya mstari wa bureti? Tone la mwisho lilizidi?

Kuna pia wanaouliza mtoto wa sekondari ni nani hata abishane na kitabu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba nchini Tanzania, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa darasani. Hakubadili alichokiona, akaja kumuuliza mwanafizikia Denis Osborne wa Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya na hawakuridhika na ushahidi. Wengine wanaendelea kuutetea. Mabishano hayo yamewezekana kwa sababu vipimo viliandikwa kama vilivyokuwa, kila mtu akaweza kuvirudia. Mwanafunzi wetu aliyepata 9.4 kwenye pendulamu hatakiwi kutangaza kwamba Newton alikosea. Anatakiwa aache kwenye jedwali vipimo vyake vyote, pamoja na vile vinavyomtia wasiwasi, ili mwalimu apitishe kalamu mstari kwa mstari na kuona kosa liliingilia wapi.