Bitana Si Hariri: Tuache Kuwauzia Mabibi Harusi Mawe ya Gundi Kimyakimya



Mfungo mosi umeingia na kadi za harusi zinamiminika. Tunaandika jambo ambalo wenzetu wa biashara watatununia, na watununie tu. Yapo mawe wanayovishwa mabibi harusi wetu ambayo si jiwe moja. Ni vipande viwili au vitatu vilivyobandikwa kwa gundi, na bi harusi haambiwi kitu.

Hatusemi mambo ya kusikia. Sisi tuko Ikinga, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, mbali na bahari yenu. Tulianza na cherehani, tukishona shela na magauni ya harusi. Baadaye tukaanza kusaga mawe nyumbani, yale ya mgongo wa mviringo yasiyokatwa pembe, ambayo mafundi huyaita kabochoni. Malakaiti ya kijani ya Kongo na amethisti ya Zambia tunazipata Tunduma, mpakani. Na gundi tunaitumia, hatukatai.

Ngoja tueleze inavyofanyika. Fundi anachukua kipande chembamba cha jiwe zuri, pengine chembamba kama ukucha. Chini yake anabandika jiwe la bei ndogo, au kioo, au kitu cheusi ili rangi ikolee. Hilo ni jiwe la tabaka mbili. Akiongeza juu kifuniko cha kwatzi nyeupe inayopitisha mwanga, zinakuwa tabaka tatu, na hivyo ndivyo opali nyingi nyembamba zinavyotengenezwa duniani. Vipande vikishashikana anasaga mgongo, anang'arisha, na kwa juu huoni kitu.

Kazi hiyo yenyewe si dhambi. Opali nyembamba ikiachwa peke yake inapasuka, ikibandikwa inadumu zaidi. Kwetu mafundi wa nguo ni kama bitana. Gauni kuwa na bitana si aibu, tena linakaa vizuri mwilini. Lakini ukimuuzia mtu bitana kwa bei ya hariri, umemwibia. Shida yetu ni kunyamaza.

Na sisi tulinyamaza. Tulinunua mawe ya tanzanaiti yaliyokwisha kubandikwa na mtu mwingine. Tulipoyageuza ubavuni tuliona mstari mwembamba umenyooka kama mshono. Tukajua. Tukapachika moja kwenye pete iliyozibwa nyuma, tukaiuza kwa bei ya tanzanaiti kamili, na pete ile ikatolewa mahari. Tanzanaiti inachimbwa Mererani tu, dunia nzima, ndiyo maana mtu akiambiwa anayo hujiona ana akiba.

Haukupita mwaka. Pembeni ya jiwe pakaanza ukungu mweupe kama maziwa. Siku mtoto wake alipougua, akaipeleka pete kwa sonara aiuze. Sonara akaitazama ubavuni, akamwambia juu ni ngozi ya jiwe na chini ni kioo. Alirudi kwetu akilia. Tulimrudishia fedha yote, lakini siku aliyoihitaji ilikuwa imeshapita.

Dada zetu, fikirini mkono wa mwanamke wa Kiislamu unavyoishi. Unatiwa maji mara tano kwa siku kwa udhu, na pete inazungushwa ili maji yafike chini yake. Kuna kuosha vyombo, kufua, sabuni, mafuta ya nazi, mvuke wa chungu. Gundi haipendi maji ya kila siku wala joto. Maji yanaingia taratibu kwenye mshono, ukungu unatokea, kisha kifuniko kinabanduka. Anayeuza pete ya tabaka bila kusema anajua itavaliwa wapi.

Na mahari si pambo la siku ya picha. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao, na ni mali yake mwenyewe, si ya baba wala mume. Ndiyo akiba atakayoikimbilia siku ya dhiki. Ukiweka kioo chini ya jiwe ukanyamaza, umekula haki aliyopewa na Mola wake. Bwana harusi naye umemdanganya, anadhani ametimiza.

Tunakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni. Alitia mkono kwenye rundo la chakula, akakuta kuna unyevu ndani. Muuzaji alijitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu, watu wauone, na akamkana mwenye kughushi. Tofauti ya rundo lile na pete iliyozibwa nyuma ni ipi?

Wenzetu wanatujibu, "Mteja mwenyewe anataka kubwa kwa bei ndogo." Sawa, muuzie, lakini mwambie kwa nini bei ni ndogo. Wanasema, "Hajui tofauti." Kutojua kwake ndiko kunakokulazimu useme. Wanasema, "Tukisema hatutauza." Tangu tuanze kusema tumepoteza wateja kadhaa, kweli. Waliobaki wanaleta dada zao na mashoga zao. Hata huko nje, kanuni za biashara ya vito zinataka jiwe la kuunganishwa liuzwe kwa jina hilo. Sisi tunaosoma Qur'ani tungepaswa kutangulia.

Basi mafundi wenzetu, tukibandika tubandike kwa adabu. Sawazisha nyuso mbili zikae bapa kabisa. Futa mafuta kwa spiriti. Tumia epoksi ya mirija miwili kwa vipimo sawa, isiyokauka upesi, uiache siku nzima chini ya kibano. Supagluu ni ya kandambili, si ya pete ya bi harusi. Toa mapovu kabla haijashika. Ukisaga malakaiti, saga kwa maji na uvae barakoa, vumbi lake lina shaba na ni sumu. Kisha andika kwenye risiti: jiwe la tabaka, limebandikwa.

Nanyi mabibi harusi, na makungwi wao, kabla ya kulipa fanyeni haya:

1. Ulizeni waziwazi: ni jiwe moja au limebandikwa? Jibu liandikwe kwenye risiti.
2. Tazameni ubavuni, si juu. Mstari ulionyooka, rangi inayobadilika ghafla au vipovu vilivyolala pamoja ni dalili ya gundi.
3. Pete iliyozibwa nyuma iulizwe mara mbili. Si kila iliyozibwa ni ya uongo, ila mshono hufichwa humo.
4. Ya tabaka mkiipenda, nunueni kwa bei yake, muivue kabla ya udhu na kazi za maji, wala msiipeleke kwenye moto wa sonara.
5. Ya mahari iwe jiwe moja, hata kama ni dogo. Au iwe dhahabu.

Mkikuta mmefichwa kasoro, sheria yetu inawapa hiyari ya kurudisha. Msione haya kuidai, hata kwetu.

Mwenyezi Mungu atutakabalie toba, abariki ndoa zenu na riziki zetu. Amin.