Nyambizi ya Bilionea na Simu ya Kuflashi

Samahani wasomaji wangu, nimepotea kidogo. Nilikuwa Todonyang wiki mbili nikimtembelea shangazi yangu, na kule network huja na kuondoka kama mgeni mwenye deni. Sasa nimerudi Lodwar, stima ipo, chai ipo, na kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Jumamosi kijana mmoja anayesomea kompyuta alinionyesha mradi wake wa mwisho. Anataka kutengeneza droni ya kuwaokoa watoto walionaswa na mafuriko. Alitazama filamu ya wale watoto wa Thailand, tangu hapo hana habari nyingine. Michoro yake ni mizuri kuliko yangu nilipokuwa chuoni. Nikamsifu, nikamnunulia soda, tukaagana. Usiku usingizi ukagoma, maana kosa analotaka kulifanya mimi nimeshalifanya, na sikumwambia.

Kwa wale waliosahau: tarehe 23 Juni 2018 watoto 12 wa timu ya mpira, wa miaka 11 hadi 16, pamoja na kocha wao wa miaka 25, waliingia katika pango la Tham Luang kaskazini mwa Thailand baada ya mazoezi. Mvua ikanyesha mlimani, maji yakajaa nyuma yao. Walipatikana tarehe 2 Julai, karibu kilomita 4 kutoka mlangoni, na wakatolewa kati ya tarehe 8 na 10, wote 13 wakiwa hai. Saman Kunan, mwanajeshi wa zamani wa majini aliyejitolea, alikufa tarehe 6 Julai katika kazi ya kupeleka mitungi ya hewa.

Sasa niulize: sisi watu wa kompyuta tunakumbuka nini katika kisa hiki? Nyambizi ya Elon Musk. Mainjinia wake waliitengeneza kwa siku chache kutokana na bomba la roketi ya Falcon, ikasafirishwa hadi Thailand. Mkuu wa uokoaji akashukuru, kisha akasema haifai kwa kazi ile. Haikutumika. Pango lilikuwa na kona na mianya ambamo hata mpigambizi alijipenyeza kwa shida, sembuse bomba la chuma lililonyooka.

Kilichofanya kazi hakipendezi sana kwenye picha. Vern Unsworth, Mwingereza aliyekuwa akiishi jirani, alikuwa ametumia miaka akitambaa ndani ya pango hilo na kulichora. Yeye ndiye aliyejua watoto wangekimbilia upande gani, na ndiye aliyetaja wapigambizi wa kuitwa. Waliowapata watoto, Rick Stanton na John Volanthen, hawakuwa wanajeshi. Stanton alikuwa zimamoto mstaafu. Volanthen alikuwa mtu wa kompyuta, naam, mwenzetu kabisa, ila hakuenda kule kwa sababu ya laptopu yake. Pampu zilivuta maji usiku na mchana, vijito vya juu mlimani vikageuzwa njia, na wakulima wa chini wakavumilia mashamba yao ya mpunga yakifurika. Daktari Richard Harris wa Australia, mtaalamu wa dawa za usingizi na mpigambizi wa mapango, akawalaza watoto kwa ketamini ili wasishtuke chini ya maji.

Hata redio zilizopelekwa kule zilikuwa za kizamani. Simu zetu hutumia mawimbi ya mamia ya megahezi na kuendelea, na mwamba huyameza yote. Waingereza walipeleka redio iitwayo HeyPhone, iliyobuniwa na John Hey, inayotumia kilohezi 87 tu. Mawimbi ya chini namna hiyo hupenya mwamba. Hayabebi picha wala video. Yanabeba sauti, basi. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimekaa miezi mitano nikitengeneza kitu kilicho kinyume chake.

Kabla sijafika huko, jambo moja kwa ndugu zangu wa Kakuma. Mtoto aliyezungumza Kiingereza na wapigambizi, akawaeleza wenzake ni kina nani na ni siku gani, hakuwa na uraia wa nchi yoyote wakati huo. Watoto watatu na kocha walikuwa hivyo, wakapewa uraia wa Thailand Agosti 2018. Kila ninapopita kambini naliwaza hilo.

Haya. Pamoja na uzuri wake, kisa cha Thailand hutudanganya sisi wa Kenya kwa jambo moja: kinatufanya tudhani tutakuwa na siku 17. Hatutakuwa nazo. Chukua korongo la Hell's Gate kule Naivasha, ambalo kwetu ndilo lililo karibu zaidi na pango lile. Aprili 2012 kundi la vijana wa kanisa lilikuwa ndani ya korongo hilo maji yalipoteremka ghafla, na saba wakafa. Septemba 2019, korongo lilelile, maji yakaua watalii pamoja na mwongoza watalii wao. Hapakuwa na nafasi ya kumwita mpigambizi kutoka Uingereza. Mvua hunyesha mahali usipopaona, wewe unatembea kwenye mchanga mkavu ukipiga picha, na kinachofuata ni dakika tu.

Sisi Waturkana tunaishi ndani ya korongo la namna hiyo bila kuta. Laga, kwa msomaji wa mbali, ni mto wa mchanga usio na maji karibu mwaka mzima. Ndiyo barabara yetu, ndiyo uwanja wa mpira, ndiyo kisima, maana wanawake na watoto huchimba mchanga hadi wapate maji. Hapa Lodwar tuna Kawalase inayoingia Turkwel. Kakuma wana Tarach. Mbingu inaweza kuwa nyeupe kwa jua na laga ikashuka ikiwa imebeba miti mizima, kwa sababu mvua ilinyesha milimani huko nyuma. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima. Ya sentimita 60 hubeba gari. Mtoto mwenye mtungi kichwani je?

Sasa kosa langu. Miaka mitatu iliyopita niliandika programu ya simu ya kutoa tahadhari. Ilikuwa na ramani, rangi tatu, na aikoni ya wingu niliyoichora mwenyewe kwa siku mbili (mbili!). Ilichota data za mvua za setilaiti za mradi wa GPM, ambazo hutolewa bure. Nilijiona nimemaliza kazi. Sikulitilia maanani jambo lililoandikwa wazi kabisa kwenye maelezo ya data hizo: zile za haraka zaidi huchelewa kama saa 4, na kila kipimo ni cha eneo la kilomita kama 11 kwa 11. Laga hainisubiri saa 4.

Nikajua hilo kwa njia mbaya. Watoto watatu, mmoja wao wa binamu yangu, walikuwa wakichota maji kwenye visima vya mchanga mchana mmoja wa jua kali. Mkubwa akasikia mvumo. Anasema ulikuwa kama lori, na hakuna barabara ya lori pale. Wakapanda mgunga, ule ambao sisi huuita ewoi, uliokuwa umesimama kwenye kichuguu cha mchanga katikati ya laga. Wakakaa juu kuanzia adhuhuri hadi jua likaribie kuzama, maji ya kahawia yakipita chini yao, huku watu wazima wamesimama ukingoni wakiwapigia kelele wasishuke, wasishuke. Hakuna aliyeweza kuwafikia. Maji yalipopungua wanaume wawili wakaingia wameshikana kwa kamba, wakawabeba. Wote wazima. Yule mdogo alikuwa na miiba miguuni, haongei.

Programu yangu ilitoa tahadhari saa moja usiku. Rangi nyekundu, na wingu langu zuri. Na hata ingetoka mapema, binamu yangu ana mulika mwizi.

Siku chache baadaye mzee mmoja akaniambia kitu ambacho kingenipunguzia miezi mitano. Wachungaji waliokuwa juu milimani waliiona mvua ile tangu asubuhi. Waliona kijito kimejaa. Walijua kabisa kinakoelekea. "Sasa wangemwambia nani, kijana wangu? Na kwa salio lipi?"

Hilo swali ndilo mradi mzima. Hatukukosa habari wala setilaiti. Mwenye habari hakuwa na salio. Na kuna kitu ambacho kila mtu mwenye mulika mwizi anakijua bila kufundishwa: kuflashi (wenzetu Watanzania husema kubipu). Simu inalia mara moja, unakata, hulipi hata senti. Kwa hiyo nilitupa programu ile nikaanza upya. Mchungaji aliyesajiliwa anaflashi namba moja. Kompyuta inaitambua namba yake, hivyo inajua yuko juu ya laga gani, bila yeye kuandika chochote. Haipokei simu. Inaanza kuwapigia watu wa chini, na wakipokea wanasikia sauti ya mtu wanayemfahamu, kwa Kiturkana, ikisema laga fulani inashuka, watoeni watoto. Kila laga ina watu wawili au watatu juu. Akiflashi mmoja, wanapigiwa wazee na walimu pekee. Wakiflashi wawili, anapigiwa kila mtu. Kodi yote haizidi mistari 400. Haina hata skrini ya kuonyesha kwenye mashindano, na ndiyo maana sijawahi kushinda lolote nayo.

Matatizo yapo, sitawadanganya. Mlimani kuna sehemu ambazo network hupatikana juu ya mwamba mmoja tu (wachungaji wanaujua, kampuni ya simu sijui kama inaujua). Tahadhari tatu za uongo zikifuatana, ya nne watu hawatainuka. Na simu za kwenda chini lazima mtu azilipie, ingawa sidhani kwamba gharama ya msimu mzima ingefikia bei ya droni moja.

Lakini tatizo linaloninyima usingizi ni Todonyang kwa shangazi. Ziwa Turkana hupata karibu asilimia 90 ya maji yake kutoka mto Omo, unaotoka Ethiopia na kuingia ziwani hatua chache kutoka kwetu. Agosti 2006 Omo ilifurika upande wa pili katika nchi ya Wadaasanach, ikaua watu zaidi ya 300, wengine wakabaki wamezingirwa na maji wakisubiri mashua na helikopta. Mtu wa juu ya Omo, yule anayepaswa kutuflashi, ni Mdaasanach. Na sisi na wao tumezikana mara nyingi mno. Mei 2011 watu wetu waliuawa. Februari 2025 wavuvi walishambuliwa, na wengine hawajarudi. Nilipomweleza shangazi kwamba ningependa namba moja kutoka ng'ambo ile, aliniangalia kama mtu aliyeniona nimelewa. Baadaye, tukila samaki, akasema anamjua mwanamke mmoja wa kule ambaye zamani walikuwa wakibadilishana tumbaku na mtama. Hajui kama bado yu hai. Aliahidi kuulizia.

Hilo silijui namna ya kuliandikia kodi.

Yule kijana wa droni nitakutana naye tena Alhamisi, na safari hii nitamwambia. Nataka aache michoro kwa siku tatu twende naye juu anakoanzia Kawalase tukahesabu wachungaji wenye simu. Kama bado atataka droni baada ya hapo, nitamsaidia na betri.

Na kuna msomaji anayejua kuiunganisha Asterisk na modemu ya GSM bila laini kukatika kila baada ya simu 30? Mimi nimeshindwa wiki ya tatu sasa. Niandikie tafadhali.