Damu ya Fizi Isizoewe

Mtu wa mtaa wa Hai Malakal hapa Juba akikohoa akatema damu, nyumba nzima hushtuka. Jua halitui kabla hajapelekwa kupimwa kifua kikuu. Lakini mtu huyo huyo akipiga mswaki asubuhi akatema damu, husukutua, humwaga maji uani, akaenda zake kazini. Kesho hutema tena. Miaka inapita, na siku moja gego linatikisika anapotafuna nyama, naye anaambiwa na wenzake kwamba huo ndio utu uzima.

Si utu uzima, ndugu zangu. Ni maradhi yenye sababu inayojulikana na yenye tiba. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa wengi wetu hapa Juba tuliipata lugha hii Kakuma, Nairobi au Kampala, na kwa kuwa wageni tunaofanya nao biashara huielewa. Nataka maneno haya yafike kwa mwendesha bodaboda na kwa mama muuza chai, si kwa waliosoma peke yao.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo tumeyachanganya kwa muda mrefu. Jino kutoboka ni ugonjwa mmoja. Ugonjwa wa fizi ni mwingine. Jino laweza kuwa jeupe, zima, lisilo na tundu hata moja, likang'oka lenyewe kwa sababu kilichooza si jino bali pale lilipokaa. Ndiyo maana wako watu wenye meno ya kupendeza machoni walio hatarini kuliko jirani yao mwenye pengo. Na ugonjwa huu hauumi mwanzoni. Meno yaliyotoboka hukunyima usingizi, hivyo utamtafuta daktari hata usiku. Fizi huharibika kimya kimya kwa miaka, na maumivu yanapokuja mfupa umekwisha kuliwa.

Chanzo chake ni utando. Saa chache tu baada ya kusafisha meno, vijidudu vya kinywani huanza kujenga juu yake utando laini usioonekana vizuri kwa macho, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Ukiuacha, madini yaliyomo katika mate huuingia na kuugandisha, kama chokaa inavyoganda ndani ya birika. Huo ndio ukoga. Mswaki hauwezi kuuondoa tena. Mwili nao hupambana na vijidudu hivyo: ufizi huvimba, hubadilika rangi, na hutoka damu ukiguswa. Hapo bado hakijaharibika kitu kisichoweza kurudi.

Hilo si dhana. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno. Waliombwa waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote ziliugua. Waliporudia kusafisha, zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo mtu yeyote anayetema damu leo, kama ugonjwa haujafika kwenye mfupa, ana nafasi ya kupona kwa mikono yake mwenyewe.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea vibaya. Tukiona damu, tunaacha kupiga mswaki mahali pale, tukidhani tunauonea huruma ufizi. Tunachofanya ni kuwaachia vijidudu shamba lao. Panapotoka damu ndipo panapotaka kusafishwa zaidi, kwa mswaki laini na mkono mwepesi, asubuhi na usiku, dakika mbili kila mara, nywele za mswaki zikielekezwa kwenye mpaka wa jino na ufizi. Siku za kwanza damu itatoka. Usiogope. Ikiwa haijapungua baada ya wiki mbili, tatizo liko chini kuliko unavyofikia, na sasa ni kazi ya mtaalamu.

Chini huko mambo huwa hivi. Ukoga huteremka kandokando ya mzizi, ufizi hubanduka kutoka kwenye jino, na katikati hufanyika kifuko kinachojaa vijidudu na usaha. Mwili, katika kujitetea, huyeyusha nyuzi zinazoshika jino pamoja na mfupa wa taya. Mfupa huo ukiisha haurudi wenyewe. Meno huanza kuonekana marefu, hupanuka nafasi kati yake, harufu haiishi hata ukila pipi za mnanaa, kisha huanza kutikisika.

Mnaniuliza kama ugonjwa huu unaambukiza. Vijidudu hupita kwa mate, kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, kutoka kwa mume hadi kwa mke. Lakini kuvipata siyo kuugua. Karibu kila mtu anavyo. Ugonjwa hutokea vinapoachwa vikajenga, na mwili unapokuwa dhaifu. Hivyo hakuna sababu ya kumtenga mtu sahani wala kikombe. Mswaki ndio usioazimwa kamwe, maana mswaki wa mtu anayetoka damu unaweza kubeba homa ya ini aina ya B, nayo iko nyingi katika nchi hii.

Ndani ya mwili wa mtu mmoja ndiko ugonjwa unakosambaa kweli. Hutoka jino hadi jino. Vijidudu vyake huingia katika damu kila unapotafuna. Mwenye kisukari huugua fizi kwa urahisi zaidi, na fizi zilizooza huifanya sukari yake ikatae kushuka. Mama mjamzito fizi zake huvimba na kutoka damu kwa sababu ya mabadiliko ya mwili, wala si kweli kwamba mtoto tumboni anamnyonya meno. Anaweza kusafishwa meno kliniki bila madhara, na ni vizuri asafishwe. Mvuta sigara yuko katika udanganyifu mbaya kuliko wote: tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, fizi zake hazitoki damu sana, akajiona mzima hali mfupa unakwisha. Na wanaoweka tombak chini ya mdomo, mazoea waliyorudi nayo kutoka Khartoum, ufizi wa mahali pale huliwa, na saratani ya kinywa iko mlangoni.

Wako watakaosema kwamba babu zetu hawakuwa na mswaki wa plastiki na walikufa na meno yao. Neno hili lina ukweli ndani yake, na nisingependa kulipuuza. Watafiti waliowapima watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 huko Machakos, Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 1988, walikuta ukoga karibu kila kinywa, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa sehemu ndogo ya watu. Wengi walikuwa bado na meno yao. Basi kung'oka meno si hatima ya Mwafrika wala si ada ya uzee. Lakini nani kati yetu anajua kama yeye si wa ile sehemu ndogo? Alama ya kwanza anayopewa ni ile damu anayoimwaga uani. Tena babu zetu walisafisha. Kijiti cha mti wa mswaki, au cha mwarobaini uliojaa katika nyua za Juba, kikitafunwa hadi kikatoa nyuzi, kinasafisha utando vizuri kikitumiwa kwa uangalifu, nyuma ya meno pia, si mbele tu panapoonekana na watu. Kata ncha iliyochakaa kila siku. Majivu, mkaa na mchanga viacheni. Vinakwaruza jino na ufizi pamoja.

Wazee wetu wa Kidinka na Kinuer waling'olewa meno ya mbele ya chini utotoni kwa mila, nao wanayabeba mapengo hayo kwa heshima. Sina la kusema juu yao. Ila mila hiyo isitufundishe kwamba kupoteza meno ni jambo dogo. Gego lililong'oka kwa usaha halikutolewa na mila yoyote.

Kuna fizi nyingine tunazoziumiza wenyewe, na hapa naomba akina mama na akina bibi wanisikilize. Mtoto mchanga akipata homa na kuhara, hutokea mtu akasema ana meno ya plastiki, yale ambayo Uganda huitwa ebinyo. Ufizi huchimbwa kwa kisu au kwa spoki ya baiskeli. Kinachochimbuliwa ni kichipukizi cha jino halali la mtoto. Wengine huvuja damu hadi kufa, wengine hupata pepopunda. Mtoto yule alikuwa na malaria au tumbo lililochafuka. Alihitaji dawa na maji ya chumvi na sukari, si spoki.

Sasa tiba. Njia yetu ya kawaida ni kwenda duka la dawa, kununua vidonge vya rangi mbili au Flagyl, kumeza siku tatu, uvimbe ukapungua, tukashukuru. Baada ya miezi miwili uvimbe umerudi. Haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu vijidudu vimejificha ndani ya ukoga na dawa haiufikii. Ukoga wenyewe bado umeshika mzizi. Vidonge vina mahali pake, daktari akiona vinahitajika, lakini havikwangui.

Tiba yenyewe ni kukwangua. Katika idara ya meno ya Hospitali ya Mafunzo ya Juba, au katika kliniki yenye mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, utapimwa kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Kifuko cha milimita tatu au chini yake si cha kutisha. Kuanzia nne pana kazi. Utachomwa sindano ya ganzi ikibidi, na ukoga utaondolewa juu na chini ya ufizi, hadi mzizi uwe laini. Meno yatasumbuliwa na baridi kwa siku chache. Watu husema kukwangua kunalegeza meno. Hapana. Jino lilikuwa limelegea tangu zamani na ukoga ndio ulioliegemeza. Ukiondolewa, unaona hali halisi, na ufizi ukipona hujibana tena kwa kiasi. Kisha utarudi kuangaliwa, na pengine utatakiwa kurudi kila baada ya miezi mitatu au sita, kwa sababu ugonjwa huu hutulizwa tu, na lazima uendelee kuangaliwa. Mfupa uliokwisha haununuliki. Jino lililobaki bila mfupa litang'olewa, nalo likiondolewa mapema linaweza kuwaokoa majirani zake.

Aliyekwisha kulala na aibu ya harufu ya kinywa chake, asiyecheka mbele za watu, namwambia kwa upendo: mficha maradhi kifo humuumbua. Mtaalamu wa meno ameona vinywa vibaya kuliko chako.

Nimebakiza jambo linaloniumiza kuliko yote. Ugonjwa wa fizi unaweza kumuua mtoto. Ugonjwa huo uitwao noma huanza kwenye ufizi wa mtoto dhaifu, mara nyingi wa miaka miwili hadi sita, mwenye utapiamlo, au aliyetoka tu kuugua surua au malaria. Ufizi hutoka damu, hupata kidonda cha kijivu, kinywa hunuka vibaya. Siku chache baadaye shavu huvimba, huwa jeusi, hutoboka. Bila matibabu huua hadi watoto tisa kati ya kumi, na wanaobaki hubaki na uso ulioharibika. Hauambukizi, wala si laana wala jicho la mtu. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mnamo Desemba 2023. Nchi yenye njaa, yenye wakimbizi wanaorudi kila siku tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, nchi iliyotangaza mlipuko wa surua mwaka 2022, ina kila kitu noma inachokihitaji.

Wakuu wa mtaa, masultani, walimu, mapadri na maimamu: mnapoitisha mkutano wa chanjo au wa maji, tengeni dakika tano za kusema juu ya fizi. Wauguzi wanaompima mtoto uzito na mkono wamfunue mdomo pia, hakugharimu kitu. Wizara ya afya nayo iwafundishe wahudumu wa vijijini kuutambua ufizi unaooza kama walivyofundishwa kuitambua surua.

Nawe mzazi, leo jioni kabla giza halijaingia, waite watoto wako mmoja mmoja, uwainue midomo, utazame. Ukikuta damu tu, anza mswaki usiku huu huu, ufizi ukitulizwa kwa kusukutua maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ukikuta kidonda na harufu kwa mtoto aliyekonda, usinunue kidonge dukani na usingoje Jumatatu. Mpeleke Hospitali ya Watoto ya Al Sabah siku hiyo hiyo. Noma ikikamatwa ikiwa bado kwenye ufizi, dawa ya kuua vijidudu, usafi wa kinywa na chakula bora vinaweza kumponya mtoto, na uso wake ukabaki mzima.