Fidia si Sadaka

Waumini wa Mikindani ni watu wa kutoa. Jamaa iliyofukuzwa kwao ikifika na mabegi mawili na watoto, jumuiya ndogo ndogo hukutana, kapu huzungushwa, mmoja huleta sufuria, mwingine godoro, mwingine hulipa kodi ya chumba ya mwezi wa kwanza. Hatuna neno baya juu ya mikono hiyo. Ila twauliza swali ambalo kapu haliulizi: deni hili tunalolipa ni la nani?

Jibu letu ni fupi. Mtu aliyechomewa nyumba kwa sababu ya lugha yake, au ya kura anayodhaniwa ataipiga, au ya mahali alikozaliwa babake, huku dola iliyoapa kumlinda ikishindwa au ikikataa kumlinda, huyo si mwombaji. Ni mdai. Na mdaiwa wake anajulikana.

Tukumbushane yaliyotukia, maana wako vijana wengi miongoni mwetu waliozaliwa baadaye. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la washambulizi lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha polisi kando ya feri. Waliwaua maofisa wa polisi, wakachukua bunduki, wakachoma ofisi, maduka na vibanda. Majuma yaliyofuata moto ulienea pwani ya kusini, ukaingia wilaya ya Kwale. Karatasi zilitawanywa zikiwaamuru "watu wa bara" warudi kwao. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, lilieleza kwamba watu zaidi ya 100 waliuawa na takriban 100,000 wakahama makwao. Maelfu walijaa katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Wengine walivuka feri na mizigo kichwani, wakapita kisiwani, wakavuka Makupa kutafuta ndugu na watu wa kwao huku bara ya magharibi.

Wakubwa waliyaita hayo "mapigano ya kikabila", kana kwamba majirani waliochota maji kwenye bomba moja kwa miaka ishirini waliamka asubuhi moja wakakumbuka kuchukiana. Tazameni kalenda. Kifungu cha 2A, kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja, kilifutwa Desemba 1991. Mapigano ya Bonde la Ufa yalianza Oktoba mwaka huo huo, wakati madai ya vyama vingi yalipokuwa yamepamba moto. Maandamano ya Saba Saba ya kudai katiba mpya yalifanyika tarehe 7 Julai 1997. Likoni iliwaka mwezi uliofuata. Uchaguzi mkuu ukafanyika tarehe 29 Desemba. Mpiga kura hupiga kura pale alipojiandikisha. Aliyeandikishwa Likoni kisha akalala Nakuru au Machakos kwa kuogopa mapanga, hakupiga kura. Hesabu hiyo si ya ukabila. Ni hesabu ya siasa.

Wala tusidanganyane kwamba machozi yalikuwa ya upande mmoja. Vijana wa Kidigo walikuwa na malalamiko ya kweli juu ya ardhi, kazi na kupuuzwa, na malalamiko hayo yakatumiwa na wenye tamaa ya viti. Polisi walipokuja kulipiza kisasi, walikamata na kupiga bila kuchagua, na jamaa za Kidigo zisizo na hatia zikakimbia vijiji vyao. Baadaye kesi nyingi zilianguka mahakamani. Kwa hiyo tunaposema jamaa iliyohamishwa, hatuulizi inasali kanisani au msikitini, wala jina lake la ukoo latoka wapi. Tunauliza ilipoteza nini, na nani alikuwa na wajibu wa kuilinda.

Sasa tuchukue mfano, kama tufanyavyo wanasheria. Mama ana kibanda cha mboga karibu na feri. Mumewe ni fundi seremala. Wamejenga nyumba ya vyumba sita, wakaishi katika viwili na kupangisha vinne. Nyumba ni yao, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi wanamlipa kodi ya kiwanja, desturi ambayo kila mtu wa Mombasa anaijua. Nyumba inachomwa. Wanakimbilia Mikindani kwa shemeji, watu tisa katika chumba kimoja. Wamepoteza nini kisheria?

Wamepoteza nyumba, lakini hawana hati miliki ya kuonyesha, kwa kuwa ardhi haikuwa yao kamwe. Mwenye kiwanja bado ana kiwanja chake, na kwa kuwa nyumba haipo tena, aweza kumpa mpangaji mpya. Wamepoteza kodi ya vyumba vinne, lakini wapangaji wametawanyika na daftari limeungua. Wamepoteza vyombo vya useremala, lakini nani huweka risiti ya randa na msumeno? Wamepoteza vitambulisho, kadi za kura na vyeti vya watoto. Wanapokwenda ofisini kudai, wanaambiwa walete karatasi. Yaani moto uliowaangamiza unatumiwa kuwa ushahidi dhidi yao.

Basi waende mahakamani? Hapa ndipo wengi wasio wanasheria hushangaa. Sheria ya Kenya inampa mtu miezi 12 tu ya kuishtaki Serikali kwa madhara aliyotendewa. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi iliundwa Julai 1998 kuchunguza mapigano hayo. Kwa aliyechomewa nyumba Agosti 1997, muda wa kushtaki ulikwisha Agosti 1998, tume ikiwa ndiyo kwanza inaanza kusikiliza mashahidi. Ripoti yake ilitolewa hadharani Oktoba 2002, ikiambatana na maelezo ya Serikali ya kuipinga. Mwananchi aliyengoja ukweli utolewe kwanza ndipo ashtaki, alipata ukweli nusu, na mlango wa mahakama ukiwa umefungwa zamani.

Tume hiyo haikuwa ya kwanza kunyamazishwa. Mwaka 1992 kamati ya Bunge iliyachunguza mapigano ya Bonde la Ufa na Magharibi. Mwenyekiti wake alikuwa Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Mikindani hii yetu. Kamati ilihesabu watu 779 waliouawa na takriban 54,000 waliohamishwa, ikataja majina ya wakubwa. Bunge, ambalo bado lilikuwa la chama kimoja, lilikataa kuipitisha ripoti hiyo. Laiti wenye kuwasha moto mwaka 1992 wangaliadhibiwa, je, wangalithubutu kuuwasha Likoni miaka mitano baadaye? Na wa Likoni wangaliadhibiwa, je, tungaliona yaliyotupata baada ya uchaguzi wa Desemba 2007?

Watatuambia Serikali haina fedha. Tuwaonyeshe Likoni yenyewe. Shamba la Waitiki lilivamiwa katika machafuko hayo hayo ya 1997, na mgogoro wake ukakaa karibu miaka ishirini. Serikali ilipotaka kuumaliza, ilikubali kulinunua shamba kwa zaidi ya shilingi bilioni 1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja Likoni kuwagawia hati miliki maelfu ya waliokuwa wakikaa humo. Hatuwaonei wivu, mwenye ardhi alistahili kulipwa, na maskwota walistahili mahali pa kuishi. Ila tunatoa fundisho: nia ikiwapo, fedha hupatikana. Aliyekuwa na hati alilipwa. Waliokuwa wengi na wenye kura walipewa hati. Mama wa kibanda aliyekimbia, asiye na hati na asiye na kundi, hakuwamo katika hesabu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kutohesabiwa ndiyo mbinu kuu. Desemba 1994 kambi ya Maela, karibu na Naivasha, ilivunjwa usiku na watu wakapakiwa malori. Kambi ikiisha, husemwa wakimbizi wamekwisha. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, ambapo tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133, Serikali ilianzisha mpango wa Rudi Nyumbani Mei 2008. Ulitoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na shilingi 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Fundi yeyote wa Mikindani atawaambia shilingi 25,000 hujenga nini. Hata hizo, wengi waliopokewa na ndugu zao mijini hawakuziona, kwa kuwa hawakulala kambini. Shemeji aliyefungua mlango wake aliiondolea Serikali mzigo, na jamaa aliyoipokea ikaadhibiwa kwa ukarimu wake. Na jamaa za 1997 hazikuwamo kabisa. Mpango ule ulikuwa wa wahanga wa uchaguzi mwingine.

Si kwamba sheria haipo. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 zasema wenye mamlaka wana wajibu wa kuwasaidia waliohamishwa kurudishiwa mali yao, na isipowezekana, wapate fidia. Katiba ya 2010 inalinda mali katika ibara ya 40, na ibara ya 23 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru fidia haki inapovunjwa. Bunge lilipitisha sheria ya wakimbizi wa ndani mwaka 2012, inayompa aliyehamishwa uhuru wa kuchagua kurudi, kubaki alipo, au kupewa makao kwingine. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo muda wa uchunguzi wake ulianzia 1963 hadi Februari 2008, na kwa hiyo unaikumba Likoni, ilikabidhi ripoti yake Mei 2013 ikipendekeza waathiriwa walipwe. Machi 2015 Rais aliomba msamaha mbele ya Bunge na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Waathiriwa walipiga makofi, kisha wakarudi kungoja.

Wako wenzetu kanisani wanaosema, "Tusifukue makaburi, tusameheane." Sisi tunaheshimu msamaha. Lakini msamaha hutolewa na aliyekosewa, wala hautangazwi kwa niaba yake na aliyekosa au na mtazamaji. Wako wanaosema kanisa lisiingie siasa. Tunawauliza: Ahabu alipolichukua shamba la mizabibu la Nabothi kwa mashahidi wa uongo, nabii Eliya alifanya nini? Hakuzungusha kapu la kuwafariji jirani wa Nabothi. Alishuka shambani kwenyewe, akamkabili mfalme. Kanisa lililofungua uwanja wake Likoni mwaka 1997 lilifanya nusu ya kazi, nusu tukufu. Nusu ya pili ni kumwambia mwenye mamlaka: lipa.

Na mlango wa mahakama haujafungwa wote. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipigwa na polisi katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Waliposhtaki zaidi ya miaka ishirini baadaye, mahakama za chini ziliwaambia wamechelewa. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikubali rufani yao, ikaeleza kwamba madai ya kuvunjiwa haki za kikatiba hayafungwi na ule muda wa sheria za kawaida, mradi mdai aeleze vizuri sababu ya kuchelewa. Jamaa ya Likoni iliyongoja tume, ikangoja ripoti, ikangoja ahadi, sababu inayo. Lakini atakayesimama mahakamani mikono mitupu atarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi, wala si maneno. Kila jumuiya ndogo ndogo ya Mikindani, na kila msikiti utakaokubali kushirikiana nasi, iandike orodha ya jamaa zilizohamishwa zinazoishi miongoni mwetu: za 1997, za 2008 na za mwaka mwingine wowote. Iandikwe nyumba ilikuwa wapi, ya vyumba vingapi, nani alikuwa jirani, nani alikuwa mwenye kiwanja, kibanda kiliuza nini. Mashahidi waapishwe kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, na mawakili wenzetu wafanye hivyo bila malipo. Fanyeni upesi. Waliokuwa na umri wa miaka 50 wakati ule ni wazee sana leo, na kila mazishi yanazika shahidi.

Pili, orodha hiyo ipelekwe Bungeni. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa Bunge, na haisemi awe na hati miliki. Tunadai jamaa zilizopokewa majumbani zihesabiwe sawa na zilizolala kambini. Kiapo cha majirani kikubaliwe pale ambapo karatasi ziliungua. Mwenye nyumba asiye mwenye kiwanja alipwe thamani ya nyumba yake. Na ripoti za Kiliku na Akiwumi zifanyiwe kazi, hasa kurasa zenye majina.

Tatu, mwanasiasa akija kanisani na bahasha ya harambee kwa ajili ya "ndugu zetu waliohamishwa", aulizwe papo hapo mbele ya waumini: mfuko ulioahidiwa mwaka 2015 umefikia wapi, na wewe umesema nini juu yake? Akikosa jibu, bahasha yake isimnunulie makofi.

Kapu liendelee kuzunguka, maana mtoto hawezi kusubiri Bunge ale. Lakini kila linapozunguka, orodha nayo iandikwe. Godoro ni letu kutoa. Nyumba ni ya Serikali kulipa, na dawa ya deni ni kulipa.