Nyuzi 51 Hazithibitishi Kitu

Ushahidi huwa ni picha mbili za skrini. Ya kwanza inaonyesha kadi ya michoro ikiwa na feni zake za kiwandani, joto la chipu nyuzi 74. Ya pili ni kadi ileile baada ya kuvuliwa feni na kufungwa bloku ya maji: nyuzi 51. Pongezi zinamiminika, na mtu mwingine anaagiza bloku, pampu, rejeta na fitingi kwa fedha ambazo zingemfikisha kwenye kadi ya daraja la juu zaidi. Mimi nasema picha hizo mbili hazithibitishi kwamba bloku ni nzuri, hazithibitishi kwamba imefungwa sawasawa, wala hazithibitishi kwamba kadi imefaidika kwa lolote. Imani kwamba namba ikishuka basi kazi imefanikiwa inawapotezea watu fedha nyingi, na kwa kuwa imezoeleka mno hakuna anayeihoji.

Tuanze na joto lenyewe. Kadi ya Nvidia ya RTX 4090, iliyotoka Oktoba 2022, imepangiwa kula hadi wati 450. Umeme wote huo, ukishafanya kazi ndani ya silikoni, unageuka joto. Bloku hailifuti joto hilo, inalihamisha tu. Maji yanalipokea kutoka kwenye shaba, yanalifikisha kwenye rejeta, na feni za rejeta zinalimwaga chumbani. Aliyekaa kando ya mashine analipata joto lilelile alilokuwa analipata zamani, na kama chumba kina kiyoyozi, kiyoyozi hicho kina mzigo uleule. Kuna nafuu moja ya kweli: silikoni iliyopoa huvujisha umeme kidogo kuliko iliyopata moto, kwa hiyo kadi inaweza kupunguza wati kadhaa kwa kazi ileile. Nafuu hiyo ipo, lakini ni ndogo, na anayeamini kwamba maji yatamponyesha na chumba chenye joto amedanganywa.

Kisha kuna jambo linalotuhusu sisi wa pwani kuliko wengine. Rejeta haiwezi kuyafanya maji yawe ya baridi kuliko hewa inayopita kati ya mapezi yake. Majaribio mengi tunayoyasoma hufanyiwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 22, Ulaya au Marekani. Mchana wa Februari, Dar es Salaam au Mombasa, chumba kisicho na kiyoyozi kina nyuzi 31 au 32. Zile nyuzi kumi za ziada hazipotei njiani; zinaongezeka kwenye maji, kutoka kwenye maji zinaongezeka kwenye chipu. Mtu anayejilaumu kwamba bloku yake imefika nyuzi 61 wakati ile aliyoisoma ilikuwa 51 huenda amefunga vizuri kabisa. Na anayetaka kuikimbia hesabu hii kwa kuyapoza maji kwa mashine mpaka yawe chini ya joto la chumba ajue kwamba hewa yetu imejaa unyevu. Mipira na bloku vitatoa umande, na umande huo utadondokea kwenye bodi yenye umeme.

Kwa hiyo nyuzi 51 ni jumla ya vitu vitatu: joto la chumba, kiasi ambacho maji yamepanda juu ya joto hilo, na kiasi ambacho chipu imepanda juu ya maji. La kwanza ni hali ya hewa. La pili ni kazi ya rejeta na feni zake. La tatu peke yake ndilo linaloihusu bloku. Mtu aliyenunua bloku ya kawaida na rejeta mbili kubwa atapata namba nzuri kuliko aliyenunua bloku bora na rejeta moja nyembamba, kisha wote wawili watakwenda kuisifu au kuikashifu bloku. Huko ni kumtuhumu shahidi na kumwacha mshtakiwa.

Anayetaka kweli kuipima bloku anahitaji kihisi cha joto la maji, kifaa cha bei ndogo kinachofungwa kama fitingi nyingine yoyote. Aiendeshe kadi kwa mzigo usiobadilika kwa nusu saa au zaidi, mpaka maji yaache kupanda. Asome wati, asome joto la maji, asome joto la chipu. Tuseme kadi inakula wati 450 na chipu iko nyuzi 20 juu ya maji. Bloku ileile, kwa mzigo wa wati 300, itakuwa nyuzi 13 na kitu juu ya maji, bila mtu kuigusa. Ndiyo maana namba iliyotajwa bila wati haina thamani: mmoja amepima akiwa kwenye gemu nyepesi, mwingine kwa programu inayoikamua kadi mpaka tone la mwisho, na wanalinganisha matokeo kana kwamba wamefanya kitu kimoja.

Mtiririko nao una hesabu yake, na hapa imani potofu ni nyingi. Wati 450 zikiingia kwenye maji yanayokwenda lita moja kwa dakika, maji yanatoka yakiwa yamepanda nyuzi 6 na nusu hivi. Kwa lita mbili kwa dakika ni nyuzi 3 na kidogo. Kwa lita nne, nyuzi moja na nusu. Ukishavuka lita mbili hivi, kila pampu unayoongeza inakununulia nyuzi chache mno, na kelele juu yake. Lakini maduka yanauza pampu mbili mbili, na watu wananunua.

Bado hatujafika kwenye kosa kubwa zaidi, la kuitazama chipu peke yake. RTX 3090, iliyotoka Septemba 2020, ina memori ya gigabaiti 24 aina ya GDDR6X, na nusu ya memori hizo zimekaa upande wa nyuma wa bodi. Bloku ya kawaida hufunika upande wa mbele tu. Watu walifunga bloku, wakaiona chipu ikishuka hadi nyuzi hamsini na kitu, wakafurahi. Nyuma ya bodi zilikuwa memori kumi na mbili zilizotegemea bamba la chuma na upepo wowote uliobahatika kupita, tena mara nyingi upepo kidogo kuliko mwanzo, kwa sababu zile feni za kiwandani zilikuwa zimeondolewa. Programu ya HWiNFO ilipoanza kuonyesha joto la GDDR6X mwaka 2021, wenye kadi hizi, hasa waliozitumia kuchimba sarafu za kidijitali, waliona memori zikiwa nyuzi 100 na zaidi, zikikaribia 110 ambako kadi hujipunguzia kasi ili isiungue. Watengenezaji wa bloku walilazimika kutoa mabamba ya nyuma yanayopitisha maji. Fikiria ni picha ngapi za ushindi zilizopigwa kabla ya hapo, za kadi ambazo nusu ya memori yake ilikuwa inaungua.

Hata ndani ya chipu yenyewe, joto la wastani halisemi yote. Kuna kihisi kingine kinachoripoti sehemu yenye moto kuliko zote. Kwa kawaida sehemu hiyo huwa nyuzi 10 hadi 15 juu ya wastani. Pengo likifika 25 au zaidi, shaba haijaigusa chipu sawasawa: upande mmoja umekandamizwa, upande wa pili umeachwa na tabaka nene la pesti ya kupitisha joto. Unaweza kuwa na wastani wa nyuzi 51 na kona moja ya chipu yenye 85. Kwa sababu hiyo nasikitika kwamba mwaka 2025 Nvidia iliacha kuonyesha kipimo hicho kwenye kadi za RTX 50. Fundi amenyang'anywa jicho lake la pili, na ile namba moja isiyotosha imezidi kutawala.

Wanaosema hewa ni duni na maji ni bora wanasahau pia kilichomo ndani ya kipoza joto cha feni. Mirija ya shaba inayoonekana kati ya mapezi ina maji ndani yake, kiasi kidogo kilichofungiwa kwenye ombwe, kinachochemka karibu na chipu na kurudi kuwa maji kwenye mapezi. Mwishoni mwa mwaka 2022 baadhi ya kadi za AMD za RX 7900 XTX zilifika nyuzi 110 kwenye sehemu yenye moto zaidi, na AMD ikakiri kwamba kundi fulani la vipoza joto liliwekewa maji pungufu. Kadi za hewa ziliugua kwa kukosa maji! Mpaka kati ya kambi hizi mbili haupo kama unavyochorwa. Kipoza joto cha feni cha RTX 4090 ni kikubwa kupita kiasi, na kadi nyingi za aina hiyo hukaa kwenye nyuzi sitini na kitu bila shida yoyote.

Na kasi je? Kadi za Nvidia hupunguza masafa kwa hatua ndogo za megahezi 15 kadiri joto linavyopanda. Tuseme maji yamekurudishia hatua tatu: megahezi 45 juu ya 2,700. Hiyo haifiki hata asilimia 2. Gemu iliyokuwa ikitoa picha 100 kwa sekunde itatoa 101, na hakuna jicho la binadamu litakaloona tofauti. Msanifu majengo aliyekuwa akisubiri saa moja programu ya Blender imalizie picha yake ataokoa dakika moja. Silikoni haifanyi kazi bora zaidi kwa sababu tu ni ya baridi. Ikishakuwa mbali na kikomo chake, nyuzi za ziada unazoshusha ni za kutazama.

Wauzaji nao wanazikuza tofauti kati ya bloku na bloku, mapezi membamba zaidi, nikeli inayong'aa zaidi. Lakini tayari mwaka 1981 David Tuckerman na Fabian Pease wa Chuo Kikuu cha Stanford walichonga vijifereji ndani ya silikoni, upana wake kama mikroni 50, wakapitisha maji na kuondoa wati 790 kwa kila sentimita ya mraba huku joto likipanda nyuzi 71. Chipu ya RTX 4090 ina eneo la sentimita za mraba sita hivi. Hata tukichukulia kwamba wati zote 450 zinatoka kwenye chipu, na sivyo, hazifiki 75 kwa sentimita ya mraba. Tatizo la kuliingiza joto hili kwenye maji lilitatuliwa kabla wengi wa wanunuzi hawajazaliwa. Bloku nzuri zinapishana kwa nyuzi chache. Mikono ya anayefunga inaweza kuleta tofauti ya nyuzi ishirini.

Basi fedha na sifa ziende kwenye ufungaji. Pedi za joto zina unene tofauti, nusu milimita, milimita moja, moja na nusu, na kila eneo la bodi lina wake. Pedi iliyozidi nusu milimita juu ya memori inaiinua bloku nzima, na chipu inabaki ikigusa pesti badala ya shaba. Pedi iliyopungua inaacha sakiti za umeme bila mguso wowote. Skrubu nne zinazoizunguka chipu zikazwe kwa kupishana pembe, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kwa sababu chipu ya kadi ya michoro iko wazi, haina kifuniko cha chuma, na kona yake hupasuka. Kisha bloku ifunguliwe tena. Ndiyo, ifunguliwe: alama ya pesti kwenye shaba na mbonyeo kwenye kila pedi ndiyo ripoti ya kweli ya kazi yako, na hakuna programu itakayokupa. Ukiridhika, safisha, weka pesti mpya, funga. Jaribu mfumo kwa shinikizo la hewa kabla ya maji, na unapojaza mara ya kwanza iwashe pampu peke yake, kadi ikiwa haina umeme.

Usichanganye rejeta ya aluminiamu na bloku ya shaba. Metali hizo mbili zikiwa ndani ya maji yaleyale, aluminiamu italiwa. Maji ya rangi nzito yanayopendeza kwenye picha huacha chembe, na vijifereji vyembamba ndivyo vya kwanza kuziba. Ndiyo maana kipimo cha siku ya kwanza hakinitoshi. Nionyeshe kipimo cha mwezi wa sita, kwa wati zilezile, na joto la maji limeandikwa kando.

Wapo wanaoihitaji bloku. Anayetaka kuweka kadi nne kwenye kasha moja hana njia nyingi, na bloku huifanya kadi nene inayojaza nafasi tatu za kasha iwe nyembamba ya kutoshea. Anayerekodi sauti kwenye chumba kilekile chenye mashine atanunua ukimya, na ukimya ni sababu halali. Vituo vya data vinavyoendesha makabati ya Nvidia ya GB200 NVL72, takriban kilowati 120 kwa kabati moja, haviwezi kutegemea upepo hata vikitaka.

Wengine wote nawaambia waanze na kikomo cha umeme. Shusha RTX 4090 kutoka wati 450 hadi 315 kwa programu ya bure, na utapoteza asilimia chache tu za kasi. Chipu itapoa, memori zitapoa, feni zitashuka sauti, na chumba, tofauti na kwa aliyefunga bloku, kitapata joto pungufu la wati 135 muda wote mashine inapofanya kazi. Bili ya umeme itaonyesha hivyo hivyo. Ukishafanya hayo, ukapima, na bado ukakuta una sababu ya kununua bloku, mwombe muuzaji akupe tofauti kati ya chipu na maji, kwa wati ngapi na kwa lita ngapi kwa dakika, pamoja na joto la memori. Akikupa picha ya skrini yenye nyuzi 51, usimlipe.